Kompyuta za Baba na Mwenye Chumba Mpole

Kaka yangu mpendwa,

Barua hii ikikukuta umesimama, tafuta kiti kwanza, uketi, ndipo uendelee kusoma. Sisi huku tu wazima. Mama hajambo, goti lake limetulia na ulimi wake uko palepale ulipouacha. Baba hajambo kupita ulivyomzoea, na hilo nitalieleza kwa kirefu. Mimi mwenyewe nipo, cherehani inanguruma na wateja wanadai nguo kabla hawajaleta kitambaa. Nawe u hali gani? Wifi anaendeleaje na kazi yake mpya? Na wale wanangu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Waambie shangazi yao anawashonea kitu, ila wasiulize ni nini, maana hata mimi sijaamua.

Najua unajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ninayo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Nikisema tu kwamba kuna jambo, wewe unauliza ni kiasi gani. Tena nyumba yetu unaijua, ukinong'ona jikoni unajibiwa sebuleni. Anayekuletea barua hii ni mume wa jirani yetu, yule dereva wa lori la mbao. Usimwache aondoke bila chai, ameahidi kukupa mkono kwa mkono.

Ulipopiga simu mara ya mwisho uliniuliza kama mama anameza dawa zake, kama rangi ya chumba chako cha duka imekauka, na kama baba bado anafuga yale makopo yake. Nitakujibu yote, ila kwa mpangilio wangu. Dawa anameza. Sasa tuje kwenye makopo.

Siku ile unaondoka, mbele ya wageni, ulimwambia baba kwamba akiambiwa achague kati ya watu na kompyuta zake mbovu, atachagua kompyuta. Alicheka, kwa kuwa wageni walikuwepo. Tangu hapo mnasalimiana kupitia mama, kama majirani waliogombania ukuta. Sikukumbushi ili nikulaumu. Nami wakati ule nilikuwa nusu upande wako.

Wewe uliondoka mashine zikiwa kwenye chumba cha uani tu. Alipostaafu ndipo mambo yalipoharibika. Ofisi zote alizowahi kuzitengenezea kompyuta zikajua kwamba yuko mzee asiyeweza kuona mashine ikitupwa, basi zikawa zinamletea hadi mlangoni, na shukrani juu. Kabatini, mahali pa sahani, ikakaa printa, ile ya kupiga kelele kama mashine ya kusaga. Chini ya mito ya kochi kulikuwa na kibodi, na mgeni wa mama alipokaa, kochi likalia katakata chini yake. Mama alivumilia yote hayo. Kilichomshinda ni siku alipomkuta baba amelowesha bodi ya kompyuta kwenye beseni lake la vyombo, ndani ya siki, anaisugua kwa mswaki. Baba akaeleza kwa upole kwamba betri ndogo iliyo ndani ilikuwa imevuja na inakula njia za umeme, na bila siki ingekufa. Mama akauliza mswaki ni wa nani. Ulikuwa wangu.

Mama akatamka kwamba ama aione sakafu ya nyumba yake, ama ahamie kwa dada yake. Na unamjua mama, hasemi ili kutisha. Kesho yake akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu.

Yule bwana alikuja na mizani yake ya kuning'iniza. Akaanza na ile kompyuta nzito uliyojifunzia wewe, akaitundika kwenye ndoano, akasoma uzito. Kisha akasema plastiki yeye haihesabu, lazima ivunjwe itoke kwanza, akaanza kupekua gunia lake akitafuta nyundo. Baba hakubishana. Aliomba tu aifungue mwenyewe, isivunjwe. Akaketi chini na bisibisi, akawa anatoa parafujo moja moja na kuzipanga kwenye kifuniko cha kopo, fupi peke yake na ndefu peke yake, kama vile kesho angeirudishia. Na alijua hakuna kesho. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, na kaka, nilishindwa kuangalia. Nikamwambia yule bwana kwamba mizani yake inaelemea upande, arudi Jumamosi na nyingine. Alikasirika, lakini akaondoka. Lakini kwa mama, Jumamosi ilibaki Jumamosi. Ikifika na mashine bado ziko ndani, zinapigwa nyundo.

Ikabidi nitafute mahali. Nikapata chumba kizuri, kiko barabarani, kinapakana na saluni ya kinyozi, mlango mpana, umeme upo. Mwenye chumba ni mtu mpole sana. Anaishi mbali, hajawahi kuja kutugongea, wala hajatutajia kodi hata siku moja. Habari zake nitakupa hapo mbele.

Tulihama kwa mkokoteni. Mwenye mkokoteni alilalamika njia nzima, akasema amewahi kubeba makabati, amewahi kubeba mbuzi, lakini hajawahi kubeba televisheni zisizoonyesha mpira. Mimi nikashona vifuniko vya vumbi kwa mabaki ya mapazia, kila mashine na chake, na ile ya kwako ina maua ya manjano. Usinune, ndicho kitambaa kilichokuwepo.

Kisha baba akaanza kuziamsha. Nilidhani mtu anachomeka waya na kubonyeza, kumbe ningeziua. Mashine iliyolala miaka mingi haipewi umeme wote kwa mkupuo. Baba ameunganisha balbu ya kizamani, ile inayopata moto ikiwaka, ili umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo uingie kwenye kompyuta. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna kasoro, unachomoa haraka. Ikiwaka kidogo halafu ikafifia, mashine iko hai. Kila moja ilipofika zamu yake, baba alishika waya, mimi nikaitazama balbu, na ilipofifia alitoa pumzi kama mkunga. Nyingine zilitoa moshi, na moja ilipasua kapasita, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, ikanuka samaki aliyeoza hadi kinyozi akaja kuuliza tunapika nini. Lakini nyingi ziliamka. Skrini zikawa za kijani, za rangi ya chungwa, na kile kidoti cha mwanzoni kikawa kinapepesa kikingoja mtu aseme kitu.

Hapo ndipo baba alipokuja na wazo lake. Akasema mashine kukaa zimefunikwa ni kufa kwa mara ya pili, watu waje waziguse. Nikamwuliza watu gani, akasema wowote. Akaandika kibao yeye mwenyewe kwa rangi iliyobaki, akakitundika mlangoni: Kompyuta za zamani, karibu ndani, gusa, uliza, hakuna kiingilio. Neno gusa aliliandika kubwa kuliko mengine. Amewahi kwenda mahali pa maonyesho akakuta kila kitu kimeandikwa usiguse, na hasira hiyo hajaimaliza hadi leo.

Siku ya kufungua tulivaa vizuri. Mtu hakuja. Asubuhi nzima wapita njia walichungulia, wakadhani ni ofisi ya kukatia leseni, wakaongeza mwendo. Baba akasema watu wanavutwa na taa, kwa hiyo tutaziwasha zote kwa mara moja, ziwake kwa pamoja, mtaa uone. Kaka, mzee huyu amepima kila mashine kwa balbu, moja moja, kwa uangalifu wa daktari, na haikumjia akilini hata kidogo kwamba hajawahi kuzipima zote pamoja. Akahesabu hadi tatu, akavuta swichi. Skrini zikasema ngum, na umeme ukakatika. Si wetu tu, wa jengo zima.

Kilichofuata ni sauti ya mtu akilaani upande wa saluni. Akaingia bwana mmoja na kitambaa cha kinyozi shingoni, kichwa upande mmoja kimenyolewa, upande mwingine kama kichaka, na nyuma yake kinyozi ameshika mashine yake isiyonguruma, na nyuma yao wateja wote waliokuwa wakisubiri zamu. Yule bwana ni mhasibu mstaafu, mtu wa tai na adabu, lakini siku hiyo adabu ilikuwa imebaki kwenye kiti cha kinyozi. Alitaka kujua ni nani mwenye akili hizi. Baba akainua mkono, akaomba radhi, akaenda kurudisha swichi kubwa. Umeme uliporudi, aliwasha mashine moja tu, ile yenye maandishi ya kijani. Mhasibu akaiona. Akavuta kiti. Akasema ni kwenye mashine ya aina hii alikofundishiwa kazi, akiwa kijana, na kwamba bosi wake alikuwa akimpiga rula vidoleni kila alipotazama vitufe. Akaanza kuandika bila kutazama. Vidole vilikumbuka kila kitu. Kinyozi alimwita amalizie kichwa, akamwambia angoje, na wateja wale wengine wakajipanga nyuma yake wakishangaa, halafu mmoja akauliza kama naye anaweza kujaribu.

Tangu siku ile hatujawahi kukosa watu Jumamosi. Mhasibu huja kila wiki kuonyesha wageni jinsi hesabu zilivyofanywa zamani, na sisi tunamwita Nusu, hata mbele yake, na anaitika. Kinyozi amesamehe kwa sababu wanaongoja zamu kwake huja kungojea kwetu. Na mashine sasa zinawashwa moja baada ya moja, kwa amri ya mama.

Ndiyo, mama. Alikuja wiki ya pili kuhakikisha kwamba beseni lake halijahamia huko. Baba akamkalisha kwenye mashine yenye mchezo wa nyoka anayekula vitone na kurefuka. Mama akasema huu ni upuuzi wa watoto, akacheza mpaka tukafunga mlango. Sasa yeye ndiye mlinzi wa mlango, anamkagua kila mtoto mikono kabla hajaingia, na mikono ikiwa safi anamwalika washindane nyoka. Hajashindwa bado. Vijana wa sekondari wanamkimbia.

Lakini kinachopendwa kuliko vyote ni chako. Kuna ile kompyuta ndogo isiyo na diski, inayosoma programu kutoka kwenye kaseti ya redio. Siku moja baba akatoa mfukoni kaseti iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni, juu yake pameandikwa kwa mwandiko wako wa shule ya msingi: yangu, usiguse. Akaiweka kwenye redio, ikaanza kulia kama paka aliyekanyagwa mkia, watu wakaziba masikio, na baba akawaomba wavumilie, ndiyo inavyosoma. Mwishowe skrini ikauliza jina lako nani. Msichana mmoja akaandika lake. Kompyuta ikamjibu kwa jina kwamba ana masikio makubwa, aende akaoge. Kaka, mtoto yule alicheka hadi akashikwa asianguke. Sasa kuna foleni ya kutukanwa. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alileta wanafunzi wake, akaketi kwa heshima zote, akaandika jina kamili na cheo, akaambiwa akaoge, kisha akaomba aambiwe tena.

Nilimwuliza baba iweje kaseti ya zamani hivyo bado inasoma. Akasema utepe wa kaseti ukikaa tu, unagandana, kwa hiyo yeye kila mwaka aliitoa, akaizungusha hadi mwisho, akairudisha hadi mwanzo, akaifunga tena. Miaka yote hiyo, kaka, pamoja na ile ambayo hamjazungumza. Na kila anayecheka, baba humwambia kwamba iliandikwa na mwanawe. Sasa wewe niambie kama huyu ni mtu aliyechagua makopo.

Basi nimekuzungusha vya kutosha. Chumba ni chako.

Ulinituma nikipake rangi nimkabidhi muuza miwani aliyetaka kukipanga. Rangi nimepaka, nyeupe kama ulivyotaka, hapo sina kosa. Lakini Ijumaa ilifika, kesho yake ni Jumamosi ya nyundo, na ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Muuza miwani amekuja mara kadhaa kupima mahali pa rafu, nami kila mara nilimwambia rangi haijakauka. Hakuna rangi duniani inayokaa mbichi muda wote huo, naye si mjinga, ila ni mstaarabu, na siku hizi akija hupitia kutukanwa kwanza ndipo anaondoka.

Hilo ndilo dogo. Kubwa ni hili. Mkokoteni ulipofika mlangoni, baba alitambua ni wapi. Akakataa. Akasema hataingiza hata parafujo moja kwenye chumba cha mwanawe bila neno la mwanawe. Jua kali, mwenye mkokoteni analalamika, mashine zimefungwa kamba, na yeye amesimama barabarani ameshika waya mkononi. Nikasema basi ngoja nimpigie. Nikaingia kwa kinyozi na simu sikioni, nikasimama mbele ya kioo nikiongea peke yangu, nikatoka. Nikasema umekubali. Nilidhani yataishia hapo. Baba akauliza umesemaje, neno kwa neno.

Sikuwa nimejiandaa. Mdomo ukatangulia. Nikamwambia umesema aingie, chumba ni chake hata azeeke humo, na kwamba yale maneno ya siku ile mbele ya wageni uliyasema kwa hasira, huyashikilii, na ulikuwa huna njia ya kuyarudisha. Akaniomba nirudie. Nikarudia, na Mungu anisamehe, mara ya pili niliongeza kidogo. Kisha akavua viatu nje, akavipanga pembeni ya mlango, akaingia.

Tangu siku hiyo anataka kukupigia akushukuru. Nimemwambia uko kazini kusikoshika mtandao. Nimemwambia umechoka. Nimemwambia simu yangu ina hitilafu, na mzee wa watu akaifungua akaisafisha ndani. Mama anajua, nilimwambia, naye ukipiga huikumbatia simu asimpe. Lakini hatuwezi tena. Baba ametangaza kwamba Jumapili atakwenda kwa kinyozi, aombe simu, akupigie mwenyewe, na ameshaanza kufanya mazoezi ya atakayosema. Nilimsikia uani akijirekebisha.

Kaka, chumba ni jasho lako na nyumba yako ina mahitaji, hayo nayajua. Ukikitaka, niambie, nitahamishia mashine kwenye chumba changu cha cherehani, mimi nishonee barazani, na ukweli nitamwambia baba kwa mdomo wangu uleule uliosema uongo. Wewe hutahitaji kusema lolote. Muuza miwani nimemwomba angoje mpaka Jumapili ipite. Sitanuna, na wala sitakushinikiza zaidi ya nilivyokwisha kukushinikiza.

Ila jambo moja nakuomba kama mdogo wako, hata kama uamuzi wako ni kututoa. Simu itakapolia, namba usiyoijua, na ukasikia baba anakushukuru, usimwulize ni kwa lipi.

Nisalimie wifi na wanangu, na wote wanaoniulizia huko. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na kwamba hayumo kwenye barua hii. Baba hajui kama nakuandikia, kwa hiyo salamu zake atakupa mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
msemaji wako ambaye hukumtuma.